Ngome ya Chepstow, mto unaorudi nyuma, na gofu lisilokatiwa tiketi

Sisi wa Pangani tuna ugonjwa mmoja. Tupeleke mji wowote wenye mto, hatuangalii majengo kwanza, tunaangalia maji. Tunataka kujua yanajaa au yanakupwa, ni bamvua, yaani yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, au maji mafu, na kama kuna kivuko, nauli shilingi ngapi. Majengo yatasubiri. Yamesubiri miaka mingi, saa moja zaidi haiyadhuru.

Kwa hiyo siku niliyokwenda Chepstow, mji mdogo wa Wales kwenye ukingo wa mto Wye, mpwa wangu alichoka nami mapema. Nilikuwa Cardiff kwa dada yangu, ambaye ni muuguzi, nikimalizia likizo. Mwanawe ana miaka 10, kazaliwa kulekule, Kiswahili chake kina mwendo wa nyimbo kama Wawelsh wanavyoongea. Dada alikuwa zamu. Akatufungia vitumbua na chupa ya chai, akaniambia, "Mpeleke mwenzio akaone ngome, asishinde na simu." Treni tuliyoikusudia ikafutwa, tukakaa stesheni tukala nusu ya vitumbua kabla safari haijaanza.

Njia yenyewe ni nzuri ukikaa dirisha la kulia. Ukishavuka Newport unaanza kuona mlango wa mto Severn, mpana kama bahari, rangi ya chai ya maziwa. Siku ile, saa tano kasorobo asubuhi, ulikuwa unatoa matope yake nje. Usiku uliopita nilikuwa nimeuona mwezi mpevu juu ya mapaa ya Cardiff, nikajisemea leo bamvua. Nilipomwambia mpwa wangu neno hilo akalirudia mara tatu, akicheka. Shuleni wanamfundisha Kiwelsh, lugha ambayo kibao cha stesheni kinaiweka sambamba na Kiingereza: Cas-gwent, Chepstow. Akanieleza kama mwalimu, "Cas ni ngome, Mjomba. Ngome ya Gwent." Upande wa Kiingereza jina linatokana na maneno ya kale yenye maana ya mahali pa soko. Wenyeji waliona ukuta, majirani zao wakaona gulio. Nilimpa maksi zote.

Kutoka stesheni unapanda kidogo, unateremka barabara nyembamba zenye maduka madogo, halafu ngome inakutokea yote kwa pamoja. Picha hazisemi ukweli wake. Ngome nyingi nilizoziona kwenye kalenda ni za mviringo au za mraba, zimekaa juu ya kilima. Hii ni ndefu, nyembamba, imelala juu ya mwamba wa chokaa kama mamba anayeota jua, tumbo lake likining'inia juu ya mto. Ilianza kujengwa 1067, mwaka mmoja tu baada ya Wanormani kuvuka bahari na kuiteka Uingereza. Aliyepewa kazi ni William FitzOsbern, rafiki wa mfalme mpya, naye hakuishi kuifaidi. Aliuawa vitani Flanders mwaka 1071. Waliomfuata kila mmoja akaongeza kipande chake, huyu mnara, yule ua, mpaka mamba akafika urefu huo.

Mnara mkubwa wa katikati ndio mkongwe kuliko yote. Hauna paa. Ukisimama ndani ukainua uso unaona kuta nne na mbingu, na safu ya mashimo ambamo boriti za sakafu ya juu zilichomekwa. Mashimo hayo nilisimama nikayatazama muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nyumba zilizobomoka kwetu zina safu hiyohiyo: boriti za mikoko zimeoza au zimeibwa kuwa kuni, shimo limebaki, njiwa wameingia. Nje, katikati ya mawe ya kijivu, umepita mstari wa vigae vyekundu. Hivyo ni vya Warumi. Inaaminika vililetwa kutoka mji wao wa kale wa Caerwent, kilomita chache kutoka hapo, ambao Wanormani waliukuta gofu wakaufanya duka la vifaa vya ujenzi. Gofu limezaa ngome, ngome nayo imekuwa gofu. Mpwa wangu aliuliza kama hiyo ni kuiba. Nikamwambia kwetu kuna nyumba kadhaa ambazo mawe yake yana kesi ya namna hiyo.

Lakini kilichonifunga miguu ni mlango.

Mimi ni mtu wa pwani, na milango ninaidai ukweli. Mlango wetu wa kuchonga unaongea kabla ya mwenye nyumba: kizingiti kina aya au mwaka, miimo ina minyororo na maua, mfaa, ule ubao wa katikati, umesimama kama mzee wa baraza. Mtoto wa Pangani anajua nyumba ya nani ilikuwa na pesa kwa kutazama mbao tu. Sasa ndani ya ngome ya Chepstow, katika chumba cha maonyesho, wameiweka milango miwili ya mwaloni iliyokuwa kwenye lango kuu. Wataalamu wamehesabu pete za mwaka za mbao zake wakaona haiwezi kuwa ya baada ya 1190 au karibu na hapo. Inatajwa kuwa milango ya ngome mikongwe kuliko yote Ulaya. Na haikuwa imehifadhiwa kama dhahabu. Ilikaa kwenye bawaba zake langoni, mvua na upepo, hadi 1962.

Mbele, mlango huu ni mbaya. Sitaficha. Ni mabamba ya chuma yaliyopigiliwa misumari, kazi ya kuzuia shoka na moto, hakuna ua, hakuna jina. Mgeni akifika hapa hasomi lolote isipokuwa kwamba hakualikwa. Tukataka kuondoka. Mpwa wangu akazunguka nyuma kwa kuwa watoto huzunguka nyuma ya kila kitu, akaniita.

Nyuma ndiko fundi alikojiweka. Ametengeneza kimia cha mbao, fito za wima na za kulala zikikatana, na kila zinapokutana ulimi wa moja umeingia kwenye tundu la mwenzake. Ukisukuma kona moja, uzito unagawanywa mlango mzima. Nimewahi kukaa na seremala Pangani akinionyesha maungo ya namna hiyo kwenye dirisha la nyumba, akisema ubao unaopumua haupasuki. Sikudhani ningemkumbuka mbele ya mlango wa Wanormani. Sisi tunaweka ustadi mbele, mpita njia auone. Hawa waliuweka ndani, waliolala humo wauone, na adui abaki na misumari.

Mwenye mlango huo anajulikana. Ni William Marshal, mtoto wa nne asiyekuwa na urithi, aliyepanda kwa mkuki na farasi hadi akaozwa Isabel de Clare mwaka 1189, na mke akaja na ardhi, na ardhi ikaja na Chepstow. Miaka ya mwisho ya uhai wake aliiongoza Uingereza yote kwa niaba ya mfalme mtoto. Vibao vya ngome vinamsifu mpaka unachoka. Mimi ningependa kibao kimoja cha seremala.

Ukiendelea kuteremka unafika majengo ya Roger Bigod, tajiri wa mwishoni mwa karne ya 13, ambaye ndiye pia aliyegharimia ujenzi wa kanisa kubwa la abasia ya Tintern, kilomita 8 juu ya mto. Huyu alijenga kama mtu mwenye wageni wengi: ukumbi, majiko, vyumba, na choo cha watu wawili kinachoning'inia juu ya mwamba, kila kitu kikidondoka mtoni. Unajua mtoto wa miaka 10 alikitazama kipi. Chini ya ukumbi kuna ghala lenye dari ya matao, na mwisho wake uwazi unaotazama mto moja kwa moja. Vyakula na divai vililetwa na mashua mpaka chini ya mwamba, vikavutwa juu kwa kamba.

Nikachungulia. Ilikuwa saa nane mchana. Chini palikuwa hakuna mto.

Kulikuwa na kuta mbili za tope linalong'aa, zenye mifereji kama mishipa, na katikati, mbali chini, mkanda mwembamba wa maji ya kahawia. Mashua zilizofungwa upande wa mji zilikuwa zimelala ubavu. Kwetu bamvua likikupwa, mwamba unatokeza, akina mama wanashuka kuokota chaza na kombe, na tofauti ya maji ya juu na ya chini ni mita 3 na ushei. Kwenye mlango wa Severn, ambamo Wye humwagia, tofauti hiyo hufika hata mita 14, miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Sababu ni umbo la ghuba: pana mdomoni, ikizidi kubana na kupungua kina kadiri inavyoingia bara, kwa hiyo maji ya bahari yanaposukumwa ndani hayana pa kwenda isipokuwa juu.

Hapo ndipo ngome iliponiingia akilini. Vibao vinaongelea maadui na mishale. Lakini aliyepanga ghala lile alikuwa anapiga hesabu ya nahodha: mashua inafika na maji, inashusha haraka, inaondoka na maji, ukichelewa unalala topeni mpaka maji yajae tena. Mwenye kulijua jedwali la maji ndiye mwenye chakula. Mji mzima uliishi hivyo karne nyingi, ukiingiza divai na kusafirisha mbao. Nilimweleza mpwa wangu yote haya kwa msisimko. Akasema, "Mjomba, kwa hiyo choo kiliponing'inia na maji yamekupwa..." Hakumaliza. Hakuwa na haja.

Kwenye mwamba wa ng'ambo, ambao ni ardhi ya Uingereza kwa kuwa mpaka umepita mtoni, kuna bendera ya Muungano wa Uingereza, Union Jack, iliyopakwa rangi juu ya jiwe tangu 1935, kwa jubilei ya Mfalme George wa Tano, ikitazama Wales. Sijui majirani wengine wangeipokeaje.

Habari za Henry Marten nitazipitisha haraka, ingawa mnara mzima una jina lake. Alikuwa mmoja wa watu 59 waliotia saini hati ya kumwua Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1649. Ufalme uliporudi, wenzake wengine walinyongwa, yeye akafungwa, na miaka yake ya mwisho, kama 12 hivi, aliishi ndani ya mnara huo hadi alipofariki 1680, akiwa na chumba kizuri kuliko nyumba nilizopanga mimi Dar es Salaam.

Safari ya ngome ingeishia hapo, na makala hii pia, kama nisingekuwa nimeambiwa na dada juu ya jengo la pili. Yeye alilijua kutoka kwa wenzake kazini. "Ukishamaliza ngome ya wenyewe," alisema, "nenda kaone ya mwenzetu." Halafu akasita. "Mwenzetu, sijui. Utaona."

Njia ya Piercefield inaanzia pembeni mwa mji na kuingia msituni juu ya mto. Ilikuwa Aprili, na msitu mzima unanuka kitunguu saumu. Chini ya miti kumetanda majani mapana ya kijani yenye maua meupe, ndiyo yanayonuka. Mpwa wangu alichuma moja akalitafuna, akasema walifundishwa shuleni kuwa linalika. Njia hiyo ilichongwa katikati ya karne ya 18 na Valentine Morris, mzaliwa wa Antigua, mwenye mashamba ya miwa, ambaye aliwakaribisha wageni waje watazame mandhari bure. Watu wakaanza kuteremka mto Wye kwa mashua kuja kutazama tu, miongoni mwa watalii wa mwanzo wa Uingereza. Sukari ndiyo iliyolipia kokoto tulizokuwa tunakanyaga.

Halafu miti inaisha, unatokea kwenye uwanja wa majani, nyuma yake ni uwanja wa mbio za farasi, na mbele umesimama uso wa nyumba. Uso tu. Ghorofa tatu za mawe yaliyochongwa vizuri, madirisha yote matupu, ndani miti imeota hadi kupita dirisha la juu. Pande zote mbili kuna vijumba vya kando, navyo vimebomoka. Uzio umezunguka, usiingie. Hakuna tiketi, hakuna duka la kumbukumbu, hakuna panga za plastiki za watoto.

Mwaka 1802 nyumba hii ilinunuliwa na Nathaniel Wells, kijana wa miaka 23 hivi. Baba yake, William Wells, alikuwa mtu wa Cardiff aliyekwenda kisiwa cha St Kitts akatajirika kwa biashara ya watumwa na mashamba ya miwa. Mama yake alikuwa mtumwa wa baba yake, akiitwa Juggy. Baba alimpeleka mtoto Uingereza kusoma, na alipofariki 1794 akamwachia sehemu kubwa ya mali. Basi mtu mweusi, mtoto wa mtumwa, akawa bwana wa Piercefield. Mchoraji Joseph Farington alipita 1803 akaandika katika kumbukumbu zake kwamba ni mtu wa tabia za kiungwana kabisa, na papo hapo akaipima rangi yake kwa kulinganisha na Mwafrika. Wells akawa hakimu, na mwaka 1818 akateuliwa kuwa Sherifu wa Monmouthshire, yaani mwakilishi wa mfalme katika jimbo hilo, mtu mweusi wa kwanza anayejulikana kushika cheo hicho Uingereza nzima. Alichangia ujenzi wa mnara wa kanisa la kijiji cha jirani, St Arvans. Akafariki 1852.

Mpwa wangu alikuwa akisikiliza macho yameng'aa. Nilielewa kwa nini. Ana rangi yetu, anaishi Wales, na mchana kutwa alikuwa ameonyeshwa mashujaa wasiofanana naye. Akauliza kama Wells aliwaacha huru watumwa wake.

Hapo ningeweza kudanganya. Mama yake aliachiwa huru, na Wells mwenyewe akawaacha huru jamaa wachache. Waliobaki waliendelea kukata miwa St Kitts, na yeye akaendelea kupokea pesa ya miwa hiyo huku anatembea kwenye njia hizi zenye harufu ya kitunguu saumu. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kufuta utumwa katika makoloni mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia, zote kwa wamiliki. Wells alikuwa kwenye orodha ya waliolipwa. Waliokata miwa hawakupewa hata senti.

"Lakini mama yake alikuwa mtumwa," mpwa wangu akasema.

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini?"

Nilimpa kitumbua cha mwisho. Ni mbinu ya kiutu uzima, na alijua.

Ukweli ni kwamba swali lile halikunikuta mgeni. Bonde la mto Pangani, katika karne ya 19, lilikuwa na mashamba ya miwa, na waliolima walikuwa watumwa waliotoka bara. Kwetu utumwa haukufutwa kisheria hadi 1922, wakati wa Waingereza. Nimezaliwa nikiwakuta wazee waliozaliwa kabla ya hapo. Bibi mzaa mama alikuwa akitupandisha juu ya ukuta wa nyumba, anatuonyesha ng'ambo, kupita Bweni, kwenye minazi: "Kule palikuwa na miwa ya babu yangu." Tuliitikia kwa heshima. Hatukuuliza ilikatwa na nani, na katika ukoo wetu kuna rangi zote, nywele zote, na majina mengine ambayo mzee akiyataja sauti inashuka. Nimeandika mara nyingi juu ya Bushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani pale pale Pangani Desemba 1889, na nimeandika kwa fahari. Miwa ya babu sijaandika.

Tulirudi mjini saa kumi na mbili na nusu jioni, tukashuka hadi daraja la chuma la 1816, jembamba, la matao matano, lililopakwa rangi nyeupe. Nilitaka kuona jambo moja kabla ya treni. Na tukaliona. Mto ulikuwa unakwenda nyuma. Maji ya kahawia yalikuwa yanapanda kutoka baharini kwa mwendo wa mtu anayekimbia, yamebeba vijiti, povu na chupa moja ya plastiki, yote yakielekea juu, kuelekea Tintern. Tope lilikuwa limefunikwa karibu lote. Mashua zilizokuwa zimelala ubavu zilisimama moja baada ya nyingine, kila moja ikijitikisa kidogo.

Nikampigia mama. Kwao ilikuwa saa mbili na nusu usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmekula?"

Nikamweleza ngome, nikamweleza mlango, akauliza kama ni mninga, nikasema ni mwaloni, akaguna. Nikamweleza Wells. Akasema, "Eeh." Halafu nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya samaki: ile miwa ya babu yake bibi, ng'ambo, walikuwa wanakata akina nani?

Nikasikia redio ikipunguzwa sauti. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini.

"Huko mlipo," akasema, "maji yanajaa au yanakupwa?"

"Yanajaa, mama. Kwa kasi."

"Basi mtoe mtoto hapo ukingoni."